Marekebisho

Mtangazaji alikuuliza ulianza lini,
ukamjibu kwa hiyo sauti yako ya kukwaruza:
"Baba alinifundisha, nikiwa na miaka saba."
Nilikuwa kibandani, chuma cha lehemu mkononi,
nikacheka hadi mteja akaniuliza kulikoni.

Khalayi, baba hakukufundisha kitu.
Mzee Wafubwa alirudi kutoka karakana ya reli
na vumbi la breki kwenye mikunjo ya shingo,
akanawa, akala, asiseme neno,
akaingia chumbani na litungu lake
akafunga mlango kwa komeo.
Nyuzi saba: mbili kano za ng'ombe wa Kimilili,
tano nyaya za breki ya baiskeli
alizozichambua mwenyewe kwa koleo.
Mwanamke haligusi, alisema. Basi.

Makongeni, mwaka ule wa unga wa njano,
chumba kimoja na nusu, na nusu ndiyo yetu:
jiko, gunia la makaa,
mimi na wewe mzungu wa nne,
kisigino chako puani mwangu.
Mama aliegemea ukuta, mikono imechubuka
kwa shuka za wazazi wa Pumwani
alizofua tangu alfajiri,
akaufuata wimbo wa mumewe kwa kunong'ona.

Lakini Kibukusu hakikumkaa mdomoni Syombua wa Mutomo.
Baba alipotaja mto, mama alisikia jina la mtu.
Baba alipomlilia fahali,
mama alisikia mgeni anapiga hodi.
Mapengo akayaziba kwa Kikamba,
na Kikamba kilipogoma, akaguna tu.
Wewe uliyaamini yote, hata miguno.

Juzi msomi mmoja kaandika gazetini
kwamba umefukua mapokeo ya kale.
Mapokeo!
Ni sikio la kushoto la mama,
lililouawa na mashine za dobi.

Na spika yako ya kwanza, umeisahau?
Niliiunda kwa matumbo ya redio ya Bi Nduku,
ambaye hadi anazikwa alikuwa akiiulizia.
Ukichomeka gitaa, taa za mstari wote wa nyumba
zinasinzia, na majirani wanatutukana
kwa lugha saba, kila mtu kwa mama yake.

Gitaa lenyewe ulipewa na kapteni wa Jeshi la Wokovu,
bovu, uzi wa sita haupo.
Ukaingia chumbani mchana, baba yuko kazini,
ukafungua waya mmoja wa litungu.
Jioni akahesabu. Akahesabu tena.
Fimbo nilizila mimi, Khalayi,
kumi na moja, na sikukutaja.
Hilo pia hukumwambia mtangazaji.

Ila kuna jambo, nalisema shingo upande.
Alinichapa mimi
huku macho yake yako kwako,
kwenye kidole chako cha shahada, kilichokatwa na waya.
Usiku ule komeo halikulia.
Mlango ulibaki wazi kiasi cha upana wa kiganja,
akapiga kwa nyuzi sita,
na pale pa wa saba akanyamaza kidogo, akaendelea.
Hakuweka mwingine. Miaka kumi na minne,
na waya za baiskeli zikiuzwa hapo Gikomba
kwa bei ya sigara.

Labda hayo ndiyo unayoyaita mafunzo.
Sijui. Mwenyewe hakusema,
na wewe hukuniuliza mimi.

Redio iliyokuwa ikikuhoji ni ya mwalimu wa Jericho.
Imepona tangu Jumanne.
Nimemwambia kuna kipuri bado kinasafiri,
na mgongo wake nimeuacha wazi,
nione taa yake ndogo ikiwaka
unapofika pale pa kunyamaza.